Kama una ndugu aliyelala Arnhem: maoni yangu kuhusu makumbusho ya Hartenstein na makaburi ya Oosterbeek

Naanza na jibu kabisa ili usisome mpaka chini ukilitafuta: nenda. Kama kwenye familia yenu kuna askari wa miavuli aliyekufia Uholanzi Septemba 1944, awe wenu wa damu au wa kuoleana kama kwangu, panda treni nenda Oosterbeek, kijiji jirani na mji wa Arnhem, na kama kuna mzee ambaye bado anayo picha yake ukutani mpeleke sasa hivi wakati miguu inamruhusu. Wengi wanaiandika hii makumbusho kama sehemu ya kupeleka watoto wikendi wakaone bunduki na mizinga, ni sawa, bunduki zipo, ila mimi naandika kwa ajili ya wale wanaokwenda kumtafuta mtu wao, maana mahitaji yao ni mengine kabisa.

Wetu ni mjomba wa mama mkwe wangu, kaka wa mama yake mzazi. Mimi ni mtu wa Tanga, nimeolewa Uingereza, na nimeikuta picha ya huyu mjomba sebuleni kwa mama mkwe siku ya kwanza nilipopelekwa kutambulishwa. Kijana wa miaka 22, kavaa ile bereti ya damu ya mzee imelalia upande, anacheka, na jino moja la juu limepanda juu ya mwenzake. Jino hilo hilo mume wangu analo, na mtoto wetu wa pili kaota nalo. Mama mkwe mwenyewe hakuwahi kumuona mjomba wake, kazaliwa vita vimeshakwisha, na mama yake alikuwa hataki kabisa kumuongelea. Ikifika Septemba anafanya kazi zake zote za nyumbani bila kusema na mtu, na watoto walishajua mwezi huo hakuna maswali. Kwahiyo kwenye familia ilibaki picha, barua mbili tatu alizotuma akiwa Misri, na karatasi za serikali, ya kwanza inasema haijulikani alipo, ya pili iliyokuja baada ya miezi inasema amefariki. Basi, na hakuna hata mmoja kwenye ukoo aliyewahi kufika kaburini.

Sasa kabla hujakata tiketi yoyote, kaa chini na websaiti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, wale CWGC. Ni bure. Unaandika jina la ukoo, mwaka, kikosi kama unakijua, na ukimpata unapewa namba yake ya jeshi, tarehe ya kifo, makaburi alipozikwa, sehemu, mstari na namba ya kaburi. Watu wengi wanaishia hapo, wewe usiishie hapo, shuka chini kwenye zile karatasi zilizopigwa picha. Kwa wengi waliokufa Arnhem kuna fomu za mwaka 1945 zinazoonyesha mwili ulitolewa wapi kabla ya kuhamishiwa makaburi rasmi, maana wakati wa mapigano watu walizikwa popote, kwenye bustani za nyumba za watu, pembeni ya barabara, chini ya miti. Ya mjomba ilikuwa imechapwa kwa taipureta, herufi zimefifia, na kwenye safu ya mahali alipookotwa iliandikwa bustani ya nyumba karibu na kanisa la zamani la Oosterbeek. Mama mkwe aliisoma hiyo mistari mara nyingi sana. Miaka yote alidhani mjomba wake alitupwa shimoni na wengine, kumbe kuna mtu alimchimbia kaburi lake bustanini, akamuwekea alama, na ile alama ndiyo iliyofanya jina lake lijulikane. Hiyo peke yake, kabla hatujatoka nyumbani, ilikuwa kubwa kuliko chochote nilichotegemea.

Kwa wasioijua hii vita nieleze kidogo maana makumbusho utaielewa vizuri ukishajua. Septemba 1944 Waingereza na Wamarekani walikuwa wameshaivuka Ufaransa na Ubelgiji, na Montgomery, kamanda wa Waingereza, akaja na mpango wa kuteremsha majeshi ya miavuli nyuma ya Wajerumani ndani ya Uholanzi, washike madaraja yote mpaka mto Rhine, halafu vifaru vije kwa barabara moja viunganishe. Mpango ukaitwa Market Garden. Wamarekani walipewa Eindhoven na Nijmegen, Waingereza na Wapoland wakapewa la mbali kuliko yote, daraja la Arnhem. Walianza kushuka Jumapili tarehe 17, lakini ndege hazikutosha kuwaleta wote kwa siku moja, na uwanja uliochaguliwa kushukia uko zaidi ya kilomita 10 kutoka darajani, na redio zao ziligoma, na kumbe karibu na mji kulikuwa na divisheni mbili za vifaru za SS, lile jeshi la chama cha Hitler, zinajipumzisha. Kamanda mmoja wa batalioni ya Kiingereza, John Frost, na watu wake, zaidi ya 700, walifika darajani wakalishika upande wa kaskazini. Walitakiwa waokolewe ndani ya siku mbili. Walipigana usiku na mchana mpaka Alhamisi asubuhi, risasi zikaisha, nyumba zinawaungulia juu ya vichwa, na vifaru vya kuwaokoa havijafika. Sasa hivi hilo daraja linaitwa daraja la John Frost.

Mjomba wetu hakuwepo darajani. Alikuwa batalioni ya 11 ya miavuli, walioshuka siku ya pili, Jumatatu tarehe 18, kwenye uwanda wa Ginkel karibu na Ede. Walichelewa kuondoka Uingereza sababu ya ukungu, na walipofika Wajerumani walishajipanga, wakawa wanapigwa risasi wangali hewani na majani ya uwandani yanawaka moto. Na hawa Waingereza walikuwa wanaruka na mwavuli mmoja tu, hakuna wa akiba. Wote walikuwa wamejitolea, hakuna aliyelazimishwa kuruka, na hilo mama mkwe hupenda kulirudia, kwamba alijitolea mwenyewe. Kesho yake batalioni ilisukumwa mjini kujaribu kumfikia Frost, ikavunjwavunjwa maeneo ya hospitali ya St Elisabeth, waliosalia wakarudi nyuma mpaka Oosterbeek kwenye lile kanisa la zamani karibu na mto, na huko ndiko wetu alikofia, tarehe 21.

Makumbusho yenyewe, inaitwa Airborne Museum Hartenstein, iko kwenye iliyokuwa hoteli Hartenstein, nyumba nyeupe kubwa ndani ya bustani ya miti mirefu, na ndipo jenerali Urquhart aliyekuwa mkuu wa divisheni ya miavuli ya Waingereza pale Arnhem alipoweka makao yake. Yaani sio nyumba ya kawaida waliyopanga vitu vya vita, ni palepale, umesimama ndani ya tukio. Huyu Urquhart mwanzoni kabisa mwa mapigano alitoka kwenda mbele akakwama kwenye dari ya nyumba ya watu, Wajerumani wako nje mlangoni, divisheni nzima haijui mkuu wao yuko wapi. Ukisikia habari kama hizo ukiwa ndani ya jengo alilorudia ndo unaelewa jinsi mambo yalivyokuwa yamevurugika.

Kilichonigusa kule ndani ni kwamba wanaanza na mtu, silaha zinafuata nyuma. Utakuta sare, barua, vitu vya mfukoni, hadithi za askari mmoja mmoja, Mwingereza, Mpoland, Mjerumani, na za wenyeji waliojificha chini ya nyumba zao huku juu watu wanauana. Kuna kipande cha karatasi ya ukutani kilichobanduliwa kwenye nyumba moja ya Oosterbeek, ile karatasi ya maua ya kupamba sebule, na askari mdunguaji aliyejificha humo ameandika kwa penseli hesabu ya aliowapiga na matusi kwa Wajerumani. Nilisimama hapo muda mrefu. Mwandiko wa mtu aliyechoka, juu ya maua ya sebule ya mtu. Nimesoma mengi kuhusu Arnhem, ila mimi ni hicho kipande kilichonionyesha vita ndani ya nyumba inafananaje.

Chini ya jengo wametengeneza sehemu unapita kwa miguu, unaanzia ndani ya glaida, zile ndege za mbao zisizo na injini, halafu unatokea barabarani, usiku, moshi, mizinga, watu wanapiga kelele. Imefanywa makusudi iwe na sauti kubwa na giza, kwahiyo kama umekuja na mzee mwenye moyo mwepesi au mtu aliyewahi kuiona vita kwa macho yake, na kwetu Afrika Mashariki na Kongo tunao wengi, muambie kabla au mpitishe juu tu. Mama mkwe alitaka kushuka, akashuka, alinishika mkono kwa nguvu mpaka tulipotoka upande wa pili, akasema sasa najua kwanini mama alikuwa ananyamaza.

Ningependa waongeze zaidi habari za Wapoland. Brigedi yao ilishuka Driel ng'ambo ya mto tarehe 21, siku ileile aliyokufa mjomba, wakapigwa, wakajaribu kuvuka kwa vimashua vya mpira chini ya risasi kuja kuwasaidia wenzao, halafu baadae majenerali wa Kiingereza wakamtupia lawama kamanda wao Sosabowski, akaondolewa kwenye uongozi, na mzee wa watu baada ya vita akaishia kufanya kazi kiwandani London kwani kwao hakuweza kurudi. Uholanzi ilikuja kumpa heshima mwaka 2006, ameshakufa. Hilo linauma kulisikia na mimi nadhani linastahili chumba chake kizima, ila hayo ni maoni yangu, na huko Driel kwenyewe wamemjengea kumbukumbu, ukiwa na gari pita.

Kutoka makumbusho teremka mpaka kanisa la zamani, ni mwendo wa kutembea taratibu na kuna mteremko. Jirani na kanisa ndiko alikokuwa anaishi Kate ter Horst, mama wa watoto watano, nyumba yake ikageuzwa kituo cha majeruhi, mamia ya watu wamelala mpaka kwenye ngazi, na yeye anapita katikati yao na Biblia anawasomea Zaburi ya 91, ile ya mshale urukao mchana. Waliozikwa bustanini kwake ni 57. Sasa sisi hatukuweza kujua kama bustani iliyotajwa kwenye fomu ya mjomba ni hiyo au ya jirani, na mama mkwe akasema haina haja, akakaa kwenye benchi la kanisani akazitazama zile bustani zote moja moja. Tukiwa pale mama mmoja mzee wa hapohapo alikuwa anapita na mbwa wake, kaona ile picha mkononi, hakuuliza sisi ni nani wala tumetoka wapi, kauliza tu, ni wenu? Mama mkwe akajibu ni mjomba wangu. Yule mama akavua glavu ndo akampa mkono.

Tukaongea naye, na nikamuuliza swali lililokuwa linanikera tangu asubuhi, kwamba hawa askari walikuja, vita ikahamia majumbani kwenu, wakashindwa, wakaondoka, Wajerumani wakawafukuza watu wote wa Arnhem mjini na kuzipora nyumba, halafu ukaja ule msimu wa baridi wa njaa wa 1944 kuingia 1945 uliowaua Waholanzi kama 20,000, iweje mnawapenda hivi? Akasema mama yake alikuwa anawaambia, wale vijana hawakuwa na deni lolote na sisi, na walikuja. Hakuongeza neno.

Hapa niwape tahadhari moja. Kuna kampuni ya utalii, sitaitaja, tuliyokuwa tumelipia itutembeze siku nzima, basi dogo na kiongozi. Kiongozi anajua tarehe zote na namba za batalioni zote, ila kila akifika sehemu anataka kueleza vifaru vilivyokuwepo, milimita ngapi, vimetengenezwa wapi, na makaburini ametupa dakika za kuhesabika maana kuna sehemu nyingine kwenye ratiba. Mama mkwe bado anatafuta mstari, yeye anaangalia saa. Tulimuomba atuache hapohapo, akaondoka na wengine. Kwa ambaye hana mtu wake pale labda ziara hiyo inafaa. Wewe mwenye mtu wako, usijifunge na ratiba ya mtu mwingine, au tafuta kiongozi binafsi na umwambie tangu mwanzo kwenye simu kwamba kuna kaburi.

Makaburi yanaitwa Arnhem Oosterbeek War Cemetery, kaskazini ya reli, karibu na stesheni ya Oosterbeek, hakuna kiingilio. Getini kuna kiboksi ukutani chenye daftari la majina na ramani, hivyo hata kama umesahau namba utampata, na kuna kitabu cha wageni kuandika jina lako. Makaburi ni zaidi ya 1,700, mawe meupe ya urefu mmoja, ofisa na kuruti sawasawa, kila jiwe lina nembo ya kikosi, kwake ni mwavuli na mabawa, namba, jina, tarehe, umri, na chini kabisa maneno machache ambayo familia yenyewe ilichagua. Mbele ya kila jiwe kuna maua yaliyopandwa ardhini, udongo umetifuliwa, hakuna gugu. Rubani David Lord, aliyepewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza, baada ya kuendelea kudondosha mizigo ndege yake ikiwaka moto, yuko humo kwa jiwe lilelile kama la mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwandika. Na yako mawe mengi tu yasiyo na jina, yameandikwa ni askari wa vita vya 1939 mpaka 1945, anajulikana na Mungu. Ambao hawakupatikana kabisa majina yao yako Groesbeek, upande wa Nijmegen, kwahiyo ukimkosa Oosterbeek usikate tamaa, tafuta na huko.

Tulimpata. Mama mkwe alipiga magoti na umri wake ule, akasoma kwa sauti maneno ya chini ya jiwe, na hapo ndo tukajua kitu ambacho hakuna aliyekuwa anakijua. Maneno yale yalichaguliwa na mama yake, yule asiyemtaja kaka yake hata mara moja. Lilikuwa ni jina la utani la utotoni na maneno kwamba dada yako anakuwekea kiti. Yaani mwanamke huyu miaka yote amekaa kimya, kumbe aliyokuwa nayo alishayasema, ameyachongesha kwenye jiwe nchi ya watu ambako hakuwahi kukanyaga. Mume wangu aligeuka akaenda kusimama mbali. Mtoto wetu wa pili, yule wa jino, akaanza kuokota majani makavu juu ya kaburi moja moja bila kuambiwa.

Na kila Septemba tangu 1945 watoto wa shule za hapo wanakuja kwenye ibada, kila mtoto anasimama mbele ya kaburi lake na shada la maua, na kwa pamoja wanayaweka. Kila kaburi linapata mtoto. Kizazi kwa kizazi, bibi alisimama, mama akasimama, sasa mjukuu. Kwahiyo mjomba ambaye ukoo wake haukuwahi kufika, amepelekewa maua kila mwaka na watoto wa watu. Mama mkwe alipoelezwa hilo alilia kwa mara ya kwanza siku hiyo, kaburini kwenyewe hakuwa amelia.

Tukiwa kwenye treni kurudi akaniuliza, na wa kwenu je? Nilimwambia. Babu wa mama yangu alichukuliwa Vita ya Kwanza akawa mpagazi, akabeba mizigo ya Waingereza kwenda kusini kumfuata von Lettow, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, na hakurudi. Hana jiwe, hana mstari, hana namba. Sikusema kwa ugomvi na yeye hakupokea kwa ugomvi. Tume hii hii ya makaburi ilikiri yenyewe mwaka 2021 kwenye ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina na wengine huenda hawakukumbukwa kabisa, ikaomba radhi. Nilikuwa naijua hiyo habari kwa namba tu. Baada ya kuona udongo uliotifuliwa mbele ya jiwe la kijana mmoja wa cheo cha chini, ndo nikaelewa babu yetu alinyimwa nini hasa. Mama mkwe akaniambia tukifika nyumbani tuandike barua, yeye mwandiko wake mzuri, mimi nitaje majina. Tumeshaanza, na kwenye hiyo websaiti kuna anuani ya kuwaandikia, hivyo wenzangu wenye wapagazi na askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) kwenye ukoo, itumieni.

Kwa anayekwenda: shukia Arnhem Centraal, badili treni ya kwenda Oosterbeek, ni dakika chache. Makaburini nenda asubuhi kukiwa na utulivu, makumbusho baadae, kanisa la zamani mwisho kama mzee hajachoka, na uwanda wa Ginkel uachie siku nyingine maana uko mbali kidogo na unahitaji gari. Beba picha yake, watu wa kule wakiiona wanasimama. Makumbusho angalia siku wanazofungua kabla hujatoka. Makaburi nayapa nyota tano, makumbusho nne na nusu, hiyo nusu ni ya Wapoland. Kama unataka kwenda kwenye ibada ya Septemba chumba cha kulala kitafute miezi mingi kabla, maana sisi tumeshaanza kutafuta cha mwaka ujao na kuna nyumba za wageni wametujibu wamejaa.